Mama Hayumo Kwenye Utafiti

Barafu ya utafiti ilitoka sokoni Mpanda, kwenye friza la wauza samaki, kwa hiyo wakimbiaji walioingia kwenye mapipa walitoka wakinuka migebuka. Kila jioni baada ya mazoezi, kwenye uwanja wa shule kule Misunkumilo, vijana waligawanywa. Kundi la kwanza walizama kwenye pipa mpaka kiunoni. La pili walilazwa kwenye mikeka wakakandwa misuli. La tatu waliambiwa na mtafiti, Jeniffer, dada mpole aliyetoka chuo kikuu:

"Nyie nendeni nyumbani mkapumzike kama kawaida."

Asubuhi wote walirudi, wakaruka, wakakimbia, wakatobolewa kidole, ijulikane mwili wa nani umepona mapema. Kundi la tatu halikutarajiwa kupona. Liliwekwa ili mengine yaonekane.

Minza alikuwa kundi la tatu. Alitoka Kasokola, kwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na kuwekwa mwisho hakukuwa jambo geni kwake. Alichotaka ni kimoja: watakaokimbia vizuri siku ya mwisho wangepelekwa kambi ya wakimbiaji, mkoa wa mbali, na yeye alitaka kwenda.

Uchovu haupotei. Yeyote aliyewahi kulima anajua. Uchovu wa Marsela, binti wa Majimoto, ulibaki kwenye maji ya pipa. Mlinzi aliyamwaga kwenye bustani ya mchicha, mchicha ukalala chini siku mbili, kisha ukainuka. Mpishi wa shule aliomba tu siku nyingine wamwage upande wa choo.

Uchovu wa Minza uliingia begini. Akitoka uwanjani begi lilikuwa na raba, kitenge na chupa ya maji. Njiani uchovu ulipanda kutoka miguuni mpaka mgongoni, ukapenya kwenye mikanda, na alipokaribia kwao begi lilikuwa zito kama gunia la mpunga.

"Dada, umebeba ng'ombe?" dereva wa bodaboda alimwuliza siku moja.

"Raba."

"Raba za nani, za tembo?"

Akaendelea kuendesha, tairi la nyuma limekaa chini.

Kwa kina Minza, mtu akirudi na mzigo havuki nao lango. Anapokelewa. Kumwacha apite nao ni kutangaza kwamba mji huu hauna watu. Kwa hiyo kila jioni mama yake, Nyanzala, aliacha alichoshika akaenda langoni. "Leta," alisema, akalitwaa begi. Minza akawa mwepesi palepale. Akala ugali kwa maziwa ya mgando, akalala, na asubuhi akawaacha nyuma waliotoka kwenye barafu.

Nyanzala naye akaanza kuzama. Mwanzo nyayo zake ziliingia uani mpaka kwenye vifundo. Mvua ilipopita, bata wakaoga humo. Baadaye alipalilia mahindi akiwa ameingia ardhini mpaka magotini, akasema si vibaya, sasa hana haja ya kuinama.

Jeniffer aliona vipimo vya Minza, akapanda bodaboda akamfuata. Alisimama langoni kwa adabu. Alipima begi kabla halijapokelewa, akalipima baada ya kupokelewa, akatabasamu.

"Hii ni nzuri sana," alisema. "Haina gharama."

"Na mayu?" Minza aliuliza, akimtazama mama yake akichomoa mguu mmoja udongoni ili atangulize mwingine.

"Mama hayumo kwenye utafiti."

Alisema bila ubaya. Mpanda imeyasikia maneno hayo kwa sauti nyingi. Reli ilipowekwa ili madini ya risasi yatoke, migongo iliyoyachimba haikuwamo kwenye hesabu. Mipaka ya pori ilipochorwa, waliokuwa wakiishi ndani hawakuwamo kwenye ramani. Waliosema hawakukunja uso hata siku moja. Walikuja na kalamu, wakakaribishwa chai.

Jioni iliyofuata Minza alifika langoni akiwa amelikumbatia begi.

"Leo naingia nalo mwenyewe."

"Unaingia nalo wapi? Kwenye mji wa nani?"

"Mayu, unazama."

"Nazama kwangu. Leta."

Minza akapita. Nyanzala hakula, alikaa ameelekea ukuta. Jirani alikuja kuuliza nani amefariki. Asubuhi miguu ya Minza ilikataa, akamaliza wa mwisho, nyuma hata ya binti mwenye jipu pajani.

Kocha wao, Selestine, alimwita pembeni. "Mbio ni Jumamosi. Unataka kambi au unataka huruma?"

"Kwani mgongo ni wako, kocha?"

Selestine alirudi uwanjani. Alizaliwa huko huko, mila ya kupokea mzigo aliijua vizuri, na ndiyo aliyoitumia. Ijumaa jioni gari la utafiti lilisimama Kasokola. Vijana wote walishuka, wa barafu, wa kukandwa, wa kundi la tatu, kila mmoja na begi lake, nao wakajipanga langoni.

"Hodi, mama Minza," Selestine aliita. "Wageni wamefika na mizigo."

Nyanzala alikuwa amesimama pale pale langoni, ardhi imempanda mpaka mapajani. Minza akaja akasimama mbele yake.

"Usipokee, mayu. Hawa hawakuja kutusalimia."

"Mgeni mwenye mzigo haulizwi alichofuata."

"Kwao hawana mama?"

"Wanao," Selestine alisema. "Ila wa kwako ndiye tuliyeona anaweza."

"Si mlisema hayumo?"

Jeniffer alisafisha miwani yake kwa pindo la blauzi. "Hayumo," alisema.

"Minza," Nyanzala alisema taratibu, "usinitie aibu mbele za watu. Toka hapo."

Minza alitoka. Miaka yote aliyolelewa ilimtoa. Nyanzala akapokea begi la kwanza, akasema, "Pole, mwanangu." Akapokea la pili, na la Minza likafuata. Kila "pole" ilimshusha. Zamu ya Marsela ilipofika, udongo ulikuwa kiunoni mwa mama, na Marsela akaficha begi lake nyuma.

"Langu nitabaki nalo, mama."

"Leta, binti. Kwenu Majimoto ni mbali."

Jumamosi walikimbia kama watu waliosahau kwamba ardhi ina uzito. Minza alikuwa wa kwanza, Marsela wa pili, na kambi ikawachukua wote, na Selestine, na Jeniffer na vipimo vyake. Taarifa ya utafiti ilisema barafu inasaidia kidogo, kukandwa kunasaidia kiasi, na mapokezi ya nyumbani yanashinda yote. Ilipendekeza mbinu hiyo itumike nchi nzima. Majirani wa Kasokola walimjengea Nyanzala kibanda cha nyasi pale langoni, maana udongo sasa ulimfika kifuani. Waliopita walichuchumaa ili wamsalimie macho kwa macho, na wengine walimwachia watoto awaangalie, kwa kuwa yupo tu.

Kambini, Minza alilala amefunga begi lake mguuni kwa kamba. Aliamka na uchovu wake wote, akaburuta miguu, akamaliza wa mwisho, na kila palipouma alishukuru. Selestine alimtazama hivyo siku kadhaa.

Asubuhi moja begi halikuwapo. Kamba haikukatwa, ilifunguliwa kwa utaratibu na kukunjwa vizuri. Mabegi ya kambi nzima yalikuwa yamepanda basi la Mpanda.

Kesho yake, akiwa ameinama kufunga raba, uzito ulimtoka wote mara moja. Akajua yamefika. Akampigia jirani, jirani akachuchumaa na simu pale kibandani.

"Mayu, umeyapokea?"

"Sasa ningefanyaje, mwanangu? Yalikuwa langoni." Sauti ilitoka chini, kama ya mtu anayeongea akiwa amekumbatiwa. "Mikono bado iko juu. Usihofu. Umekula?"

"Nimekula."

Filimbi ikalia. Jeniffer alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akampigapiga begani.

"Leo umepona vizuri sana."

Minza akasimama kwenye mstari. Miguu yake ilikuwa myepesi kama ya mtu asiye na kwao.