Usiku Aliolala Jenny

Berthe alihama nyumba ya kampuni akiwa na Jenny mgongoni, sufuria kichwani, na macho mekundu kama ya mtu aliyelia. Hakuwa amelia. Hakuwa amelala tu. Jenny alikuwa anakaribia miaka mitatu, na tangu azaliwe hajampa mama yake usiku mzima. Alisinzia kidogo jioni, kisha akaamka kama aliyeitwa, akalia weee, au akakaa kitako gizani akiongea peke yake hadi majogoo. Nesi wa kampuni alisema atakua, ataacha. Zahanati ikafungwa kabla hajaacha.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, na mji mzima wa Likasi ulikuwa umelegea. Kiwanda ambamo Philippe, mumewe, alikuwa fundi wa umeme kilikuwa kimenyamaza, na wasio na kazi waliambiwa waachie nyumba. Philippe akapata chumba uani kwa mjane mmoja, Mama Martine, kando ya barabara ya Kambove. Akasukuma vitu kwa pusupusu, mkokoteni wa kuazima, na asubuhi yake akaenda porini kuchoma makala, mkaa wa kuuza. Angerudi kila Jumamosi.

Mama Martine aliwapokea vizuri. Alileta bukari, ugali wa huko, na mboga, akampapasa Jenny kichwa.

"Karibu, mama. Huku kwetu ni kimya. Mutalala muzuri."

Berthe alitazama ukuta uliotenganisha chumba chake na cha Martine. Ulikuwa wa matofali mabichi na haukufika kwenye bati. Ukikohoa huku, kule wanakuambia pole.

Usiku wa kwanza Jenny alilia hadi sauti ikakauka. Wa pili vilevile. Berthe alijaribu kila alichoambiwa: kumkatalia usingizi wa mchana, kumwogesha maji ya moto, kumfunga mgongoni na kuzunguka naye uani mpaka miguu ikafa ganzi. Mchana alitembea kama mlevi. Siku moja alisinzia akisonga bukari, mwiko mkononi, akashtuliwa na harufu ya unga kuungua.

Kwa Martine kulikuwa na Jimmy, mjukuu wake wa miaka mitano, mtoto mpole mwenye macho makubwa. Wakati wa mvua za kwanza Jimmy alishikwa na homa. Hospitalini walimtazama, wakasema dawa hakuna, wakamrudisha. Akazidi kunyauka, na wanawake wa uani wakaanza kunyamaza Berthe alipokaribia bombani. Siku moja walichelewa kunyamaza.

"Mutoto anakesha kila usiku," mmoja alikuwa akisema. "Anakeshea nini?"

Berthe alijaza ndoo yake hadi nusu tu, akaondoka.

Jioni hiyo Martine alikuja mlangoni. Hakuingia.

"Mama Jenny, minye sisikiake maneno ya bantu, eti mutoto mulozi. Lakini niko na mugonjwa mu nyumba. Huyu mutoto yako anyamaze. Mupe kintu, fanya namna yoyote. Kama hapana, mutafute fasi ingine."

Mahali pengine palikuwa wapi? Kesho yake Berthe alikwenda kwa muuza dawa sokoni, akarudi na chupa ya sirop ya usingizi. Alimpa Jenny kijiko kimoja, kisha, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimechoka kufikiri, nusu kijiko tena. Mtoto akalegea. Berthe akajinyoosha kando yake, na usingizi ukamchukua kama maji yanavyochukua jani.

Aliamshwa na jua na kilio. Kwanza alidhani ni Jenny. Akampapasa: alikuwa wa moto, akipumua taratibu, mdomo wazi. Amelala! Usiku mzima, amelala! Berthe alimshukuru Mungu kwa sauti. Ndipo akatambua kilio kilikotoka. Jimmy alikuwa amekufa.

Alijifunga kitenge, akatoka kulia na wenzake. Wakamzibia njia.

"Kila usiku analiaka," Martine alisema, na sauti yake ilikuwa imeishiwa nguvu. "Kila usiku! Leo, kimya. Jimmy wangu anakata roho, kimya. Huyo mutoto alikuwa wapi?"

"Alikuwa analala, mama! Nilimupa dawa. Ni weye njo uliniambia nimupe!"

Hakuna aliyesikia. Mtu wa maombi aliyekuja kuombea maiti alisema mtoto aachwe mikononi mwake, asile wala asinywe, mpaka aseme mwenyewe usiku ule alikwenda wapi. Berthe alimkumbatia Jenny, ambaye kichwa chake kilikuwa bado kizito kwa dawa, akasema hapana. Basi vitu vyao vikatupwa barabarani.

Philippe aliwakuta hapo Jumamosi, wamelala kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa jirani. Wanaume wa uani walikuwa wamemwahi njiani, wakamweleza kwa namna yao. Alisimama na baiskeli yake, amejaa masizi hadi kope.

"Ni kweli alilala?" aliuliza. "Usiku ule tu?"

"Nilimupa sirop."

Akaonyeshwa chupa. Aliigeuza, akaisoma karatasi yake, akainusa. Akamrudishia Berthe chupa, akaanza kufunga mizigo.

Siku zote Jenny alipanda mbele, kwenye chuma cha baiskeli, akicheza na kengele. Leo Philippe alifunga godoro hapo. Mtoto alinyoosha mikono. "Papa!" Philippe alikuwa akikaza kamba.

Walitembea hadi jua likainama, wakafika kwenye kibanda cha nyasi cha Philippe, ambapo hapakuwa na jirani wala bomba, ila moshi wa tanuri la makala. Jenny alianza kulia wakati Berthe akitandika. Hapa hakuna wa kutufukuza, Berthe alijiambia, walau hilo.

Philippe alichukua mkeka wake, akautandika ng'ambo ya tanuri, mbali, akalala akiwapa mgongo.