Uzio wa Maharage

Maximilla alifika shambani kumepambazuka, akakuta maharage yameliwa tena. Nyayo za pongo, wale swala wa msituni, zilijaa kwenye matuta.

Ilikuwa mvua yao ya kwanza katika kijiji kipya. Mwaka ule wa sabini na nne walihamishwa kutoka mlimani, wakaambiwa wajenge kando ya barabara ya Kibondo. Shamba walilogawiwa lilipakana na msitu. Walizungushia miiba, pongo wakapenya. Mumewe, Leonidasi, akatundika mikebe igongane kwa upepo, pongo wakaizoea. Akahamia kwenye kibanda cha shambani kulinda, akarudi na kikohozi kisichopona.

"Inatakiwa miti mirefu, Mama Pasikali," alimwambia mkewe. "Na kwa kifua hiki siwezi kushika shoka."

"Miti iko kwetu kule juu."

Leonidasi alielewa. Nyumba yao ya zamani ilikuwa bado imesimama. Kila Jumapili akitoka kanisani alipanda kwenda kufagia ua, maana aliamini watarudishwa.

"Ile sibomoi."

"Sasa watoto watakula nini, Baba Pasikali? Watakula nyumba?"

Walibomoa pamoja. Leonidasi aling'oa fito za sebuleni, lakini alipoingia chumba walichozalia watoto, alikaa chini akashindwa kuinuka. Maximilla akamalizia peke yake. Nguzo walizibeba kichwani, wakirudi tena na tena, mpaka pale mlimani pakabaki udongo mtupu.

Uzio ukasimama, ukampita mtu kimo. Maharage yakachipua upya, yakatoa maua. Maximilla akaanza kuimba akipalilia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wahame.

Asubuhi moja walimkuta pongo jike katikati ya shamba, anatafuna. Alipowaona hakuhangaika kutafuta tundu. Alikimbia kidogo, akaruka juu ya nguzo zao, akapotelea msituni. Ua hata moja halikubaki.

Leonidasi alikohoa mpaka akashikilia uzio asianguke. Maximilla akamshika mkono.

"Twende nyumbani ukapumzike."

"Nyumbani wapi?" aliuliza Leonidasi.

 Maximilla alimkalisha kwenye tuta, akafungua kanga, akainama kuchuma majani machache yaliyosalia, yawe mboga ya siku hiyo.