Waya wa Chumba cha Nyuma

Mvua za El Nino zilipokwisha kuharibu kuta za Khamisa kule Gitothua, plasta ilibanduliwa yote, nyumba ikabaki matofali matupu. Ndipo mwanawe Zuhair, aliyefundisha kompyuta Thika mjini, alipompigia simu.

"Mama, kabla hawajapiga plasta, pitisha mabomba ya waya za kompyuta. Nyumba ikiwa na waya, mtu anaweza hata kufanyia kazi hapo."

Hayo maneno ya mwisho Khamisa aliyashika kama yai. Tangu mumewe azikwe aliishi peke yake, na bado alichemsha chai kwenye sufuria kubwa.

Akapima nyumba mwenyewe kwa leso, ncha kwa ncha, toka sebuleni hadi chumba cha nyuma. Kaleli, fundi wa waya kutoka Kiandutu, alipoonyeshwa vile vipimo alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mama Zuhair, umepitia mlangoni, ukazunguka na kochi!"

"Sasa ningepita wapi? Ukutani kama jini?"

"Waya ndiyo inapita huko. Inapanda, inatembea karibu na dari, inashuka. Na isilale pamoja na ya stima, zitasumbuana."

Akachora ukutani kwa chaki. Walipofika chumba cha nyuma Kaleli akauliza meza ya kompyuta itakaa wapi, ili soketi ije nyuma yake.

"Dirishani, Zuhair apate mwanga," Khamisa akasema. "La, mvua huingia pale. Weka huku. Hapana, huku ni kitanda chake na mkewe Hayat, na hapa godoro la watoto wao."

"Mama, fundi wa plasta anaanza kesho. Si umuulize mwenyewe?"

Akaenda kwenye simu sebuleni.

"Zuhair, meza yako nikuwekee wapi?"

"Meza gani, Mama?"

"Ya kazi."

Zuhair akajibu polepole: "Aii, Mama. Mimi nilimaanisha mpangaji. Chumba hicho ukimpa mtu wa kompyuta hutakaa peke yako. Sisi tumeshanunua nyumba huku. Kwani Hayat hakukuambia?"

"Aliniambia. Nilisahau tu."

Hakuwa ameambiwa.

"Amesemaje?" Kaleli akauliza.

"Amesema popote."

Kaleli alimtazama, akafuta chaki kwa kiganja. "Basi waya iishie sebuleni. Huku tuache bomba tupu, na kamba ndani. Siku mtu akija, tunafunga waya kwa kamba, tunavuta, hakuna kuvunja ukuta."

"Na asipokuja?"

"Kamba haili chakula, mama."

Bomba likafungwa ukutani. Kaleli akaisukuma kamba ndani yake kwa waya mgumu kutoka sebuleni, na Khamisa, chumba cha nyuma, akaidaka ncha yake ilipochomoza. Kaleli akaivuta kidogo upande wake, ikamvuta vidoleni.

"Unaisikia?" Kaleli akaita kutoka upande wa pili.

"Naisikia."

"Haya, imefika. Iachilie."

Khamisa akajizungushia ile ncha kidoleni.

"Vuta tena," akasema.