Mashuka Mia Tatu Kabla ya Saa Sita

"Nimekuuliza swali, usinirudishie swali," mama alisema, na shuka aliloshika akalikung'uta mpaka likalia. "Mashine ya kukaushia namba mbili inanuka kuungua. Tuizime au tusiizime?"

Mwanawe alikuwa upande wa pili wa meza ya kukunjia, beji ya umeneja kifuani, mpya bado inang'aa. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi.

"Wewe unaonaje?" akauliza.

Wanawake wawili wa pasi waliinamisha vichwa kuficha kicheko. Hiyo ilikuwa mara ya nne tangu asubuhi.

Mama alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda kile cha kufulia nguo, akikunja mashuka ya hospitali. Kijana alianzia nje, kupakia mizigo kwenye lori, miaka minne, mpaka wakubwa wakamwona na kumpeleka semina ya mameneja vijana. Wiki tatu. Alikwenda na majibu, akarudi na maswali matupu. Ukimwambia sabuni imekwisha, anakuuliza unaonaje. Ukimwambia bomba linavuja, anakuuliza wewe ungefanya nini, na huku maji yanakufika vifundoni. Wafanyakazi walimpenda, maana walimjua tangu anatembea kwa kushika sketi ya mama yake, lakini kupenda ni kitu kimoja na kujua la kufanya ni kingine.

Na leo, saa nne, mkufunzi wake alikuwa anakuja kumtazama akifanya kazi. Kijana mwenyewe alikuwa amemweleza mama yake mezani nyumbani: mkufunzi anakuja na fomu, kila mara meneja akitoa amri anapiga mstari mmoja, mistari ikizidi mitano umeanguka, unarudi kwenye lori. Mama alikuwa ameapa atafunga mdomo siku nzima. Ila pua haifungwi, na mashuka mia tatu yalitakiwa hospitali kabla ya saa sita.

"Yule meneja wa kabla yako, tuliyemwita Radi, alikuwa anabweka," aliendelea, "lakini ukimuuliza, anajibu. Anajibu upuuzi, ila anajibu."

Kijana aliinamia meza, akashusha sauti ili wa pasi wasisikie.

"Kule semina walituambia tumwandike mtu wa kwanza kutusimamia maishani. Nikakuandika wewe. Mkufunzi akaniuliza, huyo aliwahi kukuuliza unaonaje? Nikatafuta, mama. Nikatafuta kweli. Nikakosa."

Mama alikunja shuka lile mara mbili zaidi ya inavyotakiwa.

Kula. Lala. Vaa. Twende. Maneno hayo manne ndiyo yaliyomlea mtoto huyu, kwa sababu gari la wafanyakazi halikuwa linamngoja mjane ajadiliane na mtoto wa miaka mitano juu ya soksi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walisema wahenga, lakini wahenga hawakujua kwamba kuna semina.

Mkufunzi aliingia muda huohuo, mwanamke mwembamba wa miwani. Akasalimia, akavuta kreti akakaa karibu na mlango, fomu magotini. Harufu ya kuungua ilikuwa imezidi. Shuka lililotoka mashineni lilikuwa na mchirizi wa rangi ya chai.

Kijana hakumtazama mkufunzi. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee anayelisha mashine namba mbili, yule ambaye kiwanda kizima kilimwita Kimya.

"Mzee wangu, wewe ndiye unayekaa nayo siku nzima. Unaonaje?"

Kijana akangoja. Walifundishwa wahesabu mpaka kumi moyoni, na mama aliuona mdomo wake ukihesabu. Mama mwenyewe ulimi ulikuwa unamwasha. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akimsemea Kimya, kama alivyozoea kumsemea kila mtu. Safari hii akaubana mdomo, na ilimuuma kama jino.

"Bomba la kutolea hewa limeziba," Kimya alisema mwishowe. "Limejaa nyuzi za mashuka, miezi sasa. Nilimwambia yule Radi, akaniambia nifanye kazi yangu." Akajifuta jasho. "Tukiilazimisha itashika moto."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho. Kijana alibadilika rangi. Akageuka, kwa mazoea tu, upande wa meza ya kukunjia.

"Mama, wewe una..."

"Mimi sina langu," mama alimkata. "Umemuuliza anayejua. Mimi nisingemuuliza maisha yangu yote, na kwa hilo nakuvulia kofia. Lakini swali halizimi mashine, baba. Sema."

Kijana aliitazama kalamu ya mkufunzi. Kisha akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe chekundu, na mngurumo waliouzoea mpaka wakaacha kuusikia ukafa.

"Namba mbili imelala leo. Mzee, fungua hilo bomba. Chukua mtu mmoja akushikie ngazi. Nyie wa pasi, malizeni yaliyokauka, hayo ndiyo yatakayotoka saa sita. Mengine yanaanikwa uani. Mwambieni dereva atarudi saa tisa." Alikuwa tayari ameshika simu. "Hospitali nawaambia mwenyewe."

Mama alikuwa anahesabu pamoja na mkufunzi. Mistari mitano.

"Na wewe mama, shika kamba za uani."

Kalamu ya mkufunzi ikasimama juu ya karatasi, kwenye mstari wa sita, haishuki. Mama hakungoja kuona. Alijaza kapu, akalipachika kiunoni, na mlangoni akageuka.

"Tuanze na mashuka au foronya, Meneja?" akauliza.

Katika miaka ishirini na sita tangu amzae, lilikuwa swali la kwanza kumuuliza akiwa tayari kutii jibu lake.

"Mashuka," alisema kijana, simu sikioni.

Mama akatoka na kapu lake juani.