Chuma Nyeusi ya Larissa

Siku Ngoy alileta tsuba yake ya kwanza nyumbani, rafiki yake Tshibangu, fundi wa magari, aliigeuza-geuza karibu na dirisha, akainusa, akaigonga na kucha, kisha akacheka mpaka akajishika tumbo.

"Ngoy, ndugu yangu, hii ni rondelle, kachuma ya kutia chini ya nati. Rondelle ya camion! Mu garage yangu zinalala chini, mi nazipiga teke."

"Si rondelle. Ni chuma ya upanga ya Bajapani, ya zamani. Inakaa kati ya mupini na makali, ili mukono isiteleze ikakatika. Banaita tsuba. Unaona hii tundu ya katikati? Njo mule upanga inapita."

"Na upanga yenyewe iko wapi?"

"Upanga ni bei kali."

"Eh! Donc muntu akikosa pesa ya gari, ananunua rondelle, anakaa anaiangalia."

Larissa, bibi ya Ngoy, alikuwa jikoni anasonga bukari. Alijibu bila kuacha mwiko: "Umuache, papa Tshibangu. Babwana bengine banakusanya babibi. Wangu anakusanya tundu."

Walicheka wote watatu. Ile nyumba ya Ganshoren, mutaa moja ya Bruxelles, ilikuwa nyumba ya kucheka, hata jirani ya chini, mama moja muzungu wa sauti ndogo, alishazoea.

Ngoy alikuwa mulinzi kwenye jengo moja ya ofisi huko Quartier européen. Kazi yake ilikuwa kusimama, na muntu anayesimama kutwa nzima anajifunza kuangalia. Zaidi ya hapo, baba yake alikuwa fundi wa kuyeyusha mukuba, ile shaba ya Katanga, kule Likasi, na Ngoy alikua anaona chuma sawa vile batoto bengine banaona ngombe: hii ni mugonjwa, hii ni muzima, hii bado inakua. Siku moja ya congé, ya kupumzika, alipita mbele ya duka la vitu vya kale kule Sablon, akaona tsuba kwenye kioo, nyeusi, ndogo sawa sahani ya kikombe, na miguu ikakataa kuendelea.

Lakini Sablon ni ya wenye nazo. Yeye alianzia sokoni Jeu de Balle, pale vitu vinatandikwa chini kwenye mawe, na alianza sawa wote wanaoanza: kwa kudanganywa. Ile Tshibangu aliita rondelle ilikuwa ya kumwagwa kwenye kalibu juzi-juzi tu. Mustari wa kalibu ulikuwa bado mule ndani ya tundu. Ya pili, aliyoinunua kwa furaha kubwa, ilikuwa kitako ya lampe. Larissa aliiweka chini ya sufuria ya moto. "Bon," alisema, "hii angalau imepata kazi."

Mwenye lile duka la Sablon, muzee muzungu wa ndevu nyeupe, alimuona anakuja mara nyingi bila kununua. Mwishowe akamuita ndani, akamufundisha. Kutu nyekundu, alisema, inakula chuma. Kutu nyeusi inailinda. Ile weusi haipakwi. Inaletwa na miaka na mikono ya watu. Kwa hiyo usipige brosse, usitie dawa, usisugue na kitu kikali. Uishike tu. Uipanguse na kitambaa ya pamba, uishike tena. Ukiitoa ile weusi, umetoa maisha yake yote, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Ngoy alirudia maneno hayo nyumbani kama katekisimu. Larissa alisikiliza, akamwambia: "Kumbe chuma inataka bisous, busu sawa mutoto." Lakini alikuwa amesikia vizuri. Zamu yake ya likelemba ilipofika, pale bamama wanachanga na kila moja anapokea kwa zamu, hakununua pagne, vitenge vya kuvaa, kule Chaussée de Wavre sawa wenzake. Alienda mwenyewe Sablon, na muzee akamutolea tsuba ya kweli, chuma nyembamba yenye ndege wawili wamekatwa wazi, mabawa yanagusana. Ukingoni ilikuwa na pengo ndogo, ndiyo maana bei ilishuka mpaka kwake.

Ngoy alifungua ile karatasi, akageuza uso upande wa dirisha.

"Unalia?" Larissa akamuuliza. "Juu ya rondelle?"

Kisha Larissa akagonjwa.

Dawa za hospitali zilimuharibu vidole. Vilikuwa vinamuchoma na kufa ganzi, kijiko kilimuponyoka, hata kufunga kifungo ya kanzu ikawa kazi. Ngoy, kwa kutojua afanye nini, alimupelekea ile tsuba. Ilikuwa baridi, nzito kidogo, ilijaa vizuri mukononi. Na Larissa aliishika. Aliishika akiongea, akisali, akiangalia televisheni bila sauti. Kidole gumba kilizoea mahali pamoja, juu ya bawa la ndege wa kushoto, kinaenda, kinarudi. Ba infirmière, wale wauguzi, walijua: ukimugeuza madame kitandani, umupe chuma yake kwanza.

Na pale kidole kilipopita, chuma ilibadilika. Wengine hawakuona. Ngoy aliona. Weusi iliingia ndani zaidi, ikawa na mwanga wa chini-chini, sawa ngozi ya muntu aliyepakwa mafuta vizuri. Mahali pengine kwenye ile chuma palikuwa na mikono ya watu wasiojulikana, watu wa zamani, watu wa mbali. Pale palikuwa na Larissa.

Alikufa na mukono umefunga. Ngoy ndiye alimufungua vidole.

Kilio, yaani matanga, ikaingia nyumbani. Kwa watu wa Katanga, kilio ikishaingia, nyumba si yako tena. Bamama walifika na sufuria kubwa kuliko mulango, kanape zikatolewa, matelas zikatandikwa chini. Mukubwa wao alikuwa Numbi, yaya wa Larissa, ni kusema dada yake mukubwa, aliyetoka Liège na sanduku moja na sauti iliyokauka. Aliishi mbali, alilinda wajukuu wake, alikuja hospitali mara chache, na mara ya mwisho treni ilimufikisha akakuta Larissa ameshafunikwa shuka. Tangu hapo hakukaa chini. Alifagia, alipika, alifokea wote.

Kulikuwa na sheria mbili ambazo hakuna aliyezisema, kwa sababu wote walizijua. Ya kwanza: mufiwa hapazi sauti kwa jamaa ya bibi yake mpaka kilio itolewe. Wao ndio wamepoteza mutoto. Yeye anakaa chini, ananyamaza. Ya pili: vitu ambavyo marehemu alishika sana, dada yake anavisafisha kwa mikono yake mwenyewe, ugonjwa usibaki ndani, na marehemu aende bila muzigo.

Ngoy alizijua zote mbili. Lakini majonzi yanafanya muntu aongee. Jioni moja, watu wamejaa, aliichukua ile tsuba kutoka juu ya buffet, kabati ya vyombo, akamuonesha Numbi.

"Yaya, unaona hii? Njo alikuwa anashika. Kila siku. Mpaka mwisho haikutoka mu mukono yake."

Numbi aliiangalia muda mrefu. "Hii?"

"Ile-ile."

"Aksanti kuniambia, shemeki," alisema, na uso wake ulikuwa wa muntu aliyepewa kazi.

Kesho yake, waliporudi kutoka makaburini, Ngoy aliona kitu kinang'aa juu ya buffet. Alifikiri ni kioo. Alisogea.

Ndege wawili walikuwa weupe. Weupe sawa kijiko kipya. Chuma yote ilikuwa imekwanguliwa mpaka nyama yake, na mistari midogo ya paille de fer, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ilikwenda huku na huku juu ya mabawa. Ilinuka ndimu.

Hadassa, binti yao, aliyekuwa nyuma yake, naye alijua ile chuma ilikuwa nini. "Papa," alisema. Kisha sauti ikapanda. "Papa, nani amefanya hii? Nani?"

Numbi alitoka jikoni akipangusa mikono. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka, viwili vimefungwa plasta.

"Ni miye," alisema. "Ilinipiga sana! Ndimu, majivu, paille de fer, nikaanza tena. Kulikuwa weusi hapa, hapa ku bawa, haikutaka kutoka. Nikasema, hapana, wewe ugonjwa, utatoka tu. Mi sitaacha kitu ya kumufunga ndugu yangu. Angalia, shemeki. Iko propre, safi kabisa?"

Hadassa alifungua kinywa. Ngoy alimushika mukono, akaukaza.

"Iko propre, yaya," alisema. "Aksanti."

Akaenda chooni, akafungua maji ya bomba kwa nguvu, akakaa humo mpaka Tshibangu akaja kugonga. Tshibangu aliingia, akaelezwa yaliyotokea. Alikaa tu ukingoni mwa baignoire ya kuogea, kofia mukononi.

Kilio ilitolewa. Kanape zilirudi. Bamama walikusanyika mara ya mwisho kugawa vitu vya marehemu: pagne zilikwenda kwa wadogo, mikoba kwa Hadassa, kanzu za baridi kwa bamama wa kanisa. Wakaondoka moja-moja, akabaki Numbi na sanduku yake, amevaa koti tayari.

"Shemeki, mi sikuchukua kitu," alisema. "Pagne zake hazinienei, mi nimenona. Unipe ile chuma."

Ngoy akajifanya hajui. "Chuma gani?"

"Ile ya ndege. Sikuwa naye. Nilikuwa Liège napangusa batoto makamasi, yeye iko anakufa. Ile alishika, na mi niliisafisha. Ni kitu yangu na yeye."

"Hapana, yaya."

"Hapana?"

Kilio ilikuwa imeisha, na sheria ya kunyamaza iliisha nayo. Maneno yalimutoka kabla hajayapima. "Ile haiko yake tena. Ile weusi ulitoa haikuwa ugonjwa. Chuma ile inakuwa nyeusi juu ya kushikwa na mikono. Ile ya ku bawa ilikuwa kidole yake. Miezi yote ile, kidole yake. Njo kitu nilibaki nayo, yaya. Na wewe ukaisugua na ndimu."

Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza.

Numbi alisimama vile-vile na koti yake. Alijiangalia mikono. Plasta zilikuwa zimetoka, ngozi mupya ilikuwa nyekundu. Kisha akakaa kwenye kanape polepole, sawa muntu anayetafuta kama kanape iko.

"Nilimutoa," alisema. "Mi mwenyewe. Nilisikia inakataa, na nikakaza."

"Yaya, nisamehe. Sikupaswa kusema."

"Ulipaswa kusema siku ile."

Hilo lilikuwa kweli, na Ngoy hakuwa na pa kujificha. Alikwenda kwenye buffet, akaichukua ile tsuba, akamuletea. Numbi alitikisa kichwa. Ngoy akaiweka juu ya magoti yake na kusema muzee wa Sablon anasema weusi inarudi, si ile ya zamani, ingine, muntu akiishika. Mikono ya tumbo moja, aliongeza, ni mikono ya ndugu. Alisema hivyo na alitaka kuamini.

Numbi alitoa kitambaa mufukoni, akaifunga ile chuma ndani bila kuigusa hata na ncha ya kidole, sawa muntu anayeokota kaa la moto, akaitia ndani kabisa ya sanduku.

Ngoy alimusindikiza mpaka kituo cha bus, akivuta sanduku. Mvua ile nyembamba ya Bruxelles ilikuwa inanyesha bila kuonekana, ile inayolowesha hata vitu vilivyofunikwa. Bus ilipofika, Numbi alipanda, akaketi karibu na dirisha, mikono yake miwili ameiingiza ndani ya mifuko ya koti, ndani sana.

Hapo Ngoy alijua kwamba Numbi hataigusa ile chuma. Ataiweka kabatini kule Liège, ndani ya kitambaa, kwa heshima na kwa aibu, na kutu nyekundu itaanza na bawa.

"Yaya!" alipiga kioo. "Uishike! Na mukono, yaya, na mukono tu!"

Numbi aligeuka, akamuona mudomo unasogea. Akaitikia na kichwa kwa upole, vile watu wanavyoitikia wakidhani wameambiwa safari njema, na bus ikaondoka.