Wa Kumsemea Clemens

Hata leo Adolfu akisikia harufu ya mafuta ya taa, moyo wake hurudi Katandala, kwenye darasa la jioni la miaka ya Ujamaa. Watu wazima walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu, karabai ikivuma juu yao.

Humo ndimo alimopeleka karatasi ya Kiingereza ya kumweleza mdogo wake, iliyotangulia ujio wake. Clemens alikuwa anarudi kutoka ng'ambo, aje kuzungumza na wakulima, na mwenyekiti wa kijiji alikwishaamua: "Adolfu, wewe ndiye kaka, na ndiye unayesoma Kiingereza. Utamtambulisha mgeni."

Adolfu alisali rozari nzima. Kiingereza hakikumtisha sana kama Clemens mwenyewe. Misheni ilikuwa imechukua mtoto mmoja tu akasome. Mwingine alibaki na jembe, na mama yao Luciana. Je, huyo anayerudi angekuwa bado mdogo wake?

Mwalimu Sekela, mke wa karani aliyehamia kutoka Mbeya, aliinama naye juu ya karatasi.

"Mwalimu, hapa wanamwita daktari wa falsafa. Si alisomea udongo?"

"Ndiyo, baba. Huko humwita hivyo aliyefika juu kabisa, awe wa udongo au wa nyota."

"Na hapa? Anapenda mmomonyoko wa udongo?"

Kasimiri, mwenzake wa dawati moja, aliangua kicheko. "Anaupenda! Aje kwangu, nimpe korongo zima aondoke nalo!"

"Tulia, ndugu Kasimiri. Maana yake ndio anaouchunguza."

Wakaenda hivyo, neno kwa neno, hadi mwisho. Adolfu akapumua kwa furaha.

"Aliyeandika haya ni nani? Nataka nimshukuru mbele ya watu. Amemsemea ndugu yetu vizuri."

Sekela alitabasamu. "Ameandika mwenyewe, baba."

"Mwenyewe? Mbona anasema 'yeye'?"

"Ndiyo desturi yao. Msomi hujiandika kana kwamba anamwandika mwingine."

Kwa watu wa darasa lile, mtu hakutaja sifa zake kwa kinywa chake. Hata kijana akienda kuposa, wajomba ndio waliomsemea. Aliyejisemea alikuwa na majivuno, au hakuwa na watu.

"Basi mdogo wako ana majivuno," alisema Kasimiri, safari hii bila kucheka.

Adolfu alirudi nyumbani Izia na neno hilo kifuani, upepo wa baridi ukimkata masikio, midomo ikisali. Pembeni mwa njia aliyaona matuta ya ntumba, yale ambamo nyasi hufukiwa zioze ziwe mbolea. Akamwona akilini Clemens mdogo, amelala juu ya rundo la nyasi walizokata pamoja, mama akiwaita waje kula. Hapo ndipo ilipomjia: huko ugenini kote, nani angemsemea?

Siku ya mkutano Clemens aliketi mbele, tai shingoni. "Shikamoo, kaka," alikuwa amesema, kwa sauti ya mgeni. Adolfu alisimama, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Ndugu zangu, huyu ni Clemens, kitindamimba wa Luciana. Tuta la kwanza alilolilima lilisombwa na mvua, akalia siku nzima."

Watu wakacheka. Clemens akainua uso.

"Akaenda kuuliza mbali kwa nini udongo hutukimbia. Wakubwa wa huko wamempa cheo ambacho hakuna kingine juu yake, na sasa anafundisha watu wenye ndevu. Haya nayasema mimi, kaka yake. Yeye hajajisemea."

Clemens aliinuka, lakini hakuanza hotuba. Alimwendea Luciana, akachuchumaa kwenye vumbi na suruali yake ya kizungu, akapiga makofi ya salamu polepole, kama alivyofundishwa utotoni. Mama akamjibu kwa Kifipa, naye akajibu kwa Kifipa kilichoota kutu.

Baadaye alimnong'oneza Adolfu, "Kaka, nipe ile karatasi nikaiandike upya."

"Andika nyingine. Hii nimejifunzia."

Adolfu anayo hadi leo, ndani ya kitabu chake cha sala. Jioni nyingine huifungua na kuisoma kwa sauti, na kila palipoandikwa "yeye" husoma "mdogo wangu".