Jiko la Chaki

Kwa karatasi, Jemadari alikuwa amejiandaa. Mtu akimletea karatasi hujipapasa kifuani, hupapasa mfuko wa gauni, kisha husema miwani ameisahau, hebu nisomee mwanangu. Uongo huo ulikuwa umemvusha mwaka mzima na ushee, benki, zahanati na hata mbele ya binti yake wa kumzaa. Kwa hiyo asubuhi ile fundi alipokuja kupanga jiko dogo ndani ya stoo, mama wa watu aliketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, ametulia tuli, anangoja karatasi ifunguliwe ili asahau miwani.

Fundi hakuja na karatasi. Alitoa mfukoni kipande cha chaki.

"Mimi michoro siiamini," alisema huku akipiga magoti. "Kwenye karatasi kila kitu kinatosha. Nachora chini, ukubwa wake uleule, halafu mwenye jiko anaingia anapika."

"Anapika nini?" aliuliza binti, aliyekuwa ameegemea pale patakapowekwa mlango.

"Hewa. Niliwahi kumjengea mtu makabati ya kutamanisha, tukaleta friji, mlango wake ukafunguka kiganja kimoja tu. Nikabomoa. Toka siku hiyo sipigi msumari kabla mwenyewe hajapika hewa."

Binti alicheka. Jemadari naye akacheka, maana ukicheka na wenzako hakuna anayekuchunguza. Moyoni alikuwa ameshaanza kutafuta pa kutokea.

Tusimwonee. Jina la Jemadari alipewa na watoto wa shule, huko alikopika miaka thelathini kwa masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani, na ambako hata mwalimu mkuu alipanga foleni kama wengine. Alipostaafu alipanga chumba, akaishi peke yake, akajipikia. Kisha mwenye nyumba akatangaza kwamba jengo linavunjwa. Binti, ambaye wakati huo alikuwa anaikarabati nyumba yake, akapiga simu: njoo ukae kwetu mama, hutahitaji hata kuchemsha maji. Alidhani anatoa zawadi. Mama aliyapokea maneno yale kama hukumu. Kula kwa saa za wengine, kungoja kupakuliwa, kumsikia mkwe akiuliza kwa adabu kama mama ameshashiba: hayo hakuyaweza. Akatoa sharti moja tu, kwamba atakuja ikiwa atakuwa na jiko lake mwenyewe. Ndipo stoo ya nyuma, iliyokuwa na baiskeli mbovu na makopo, ikaamuliwa iwe chumba na jiko.

Kilichokuwa hakijasemwa ni macho. Katikati ya kila alichokitazama paliingia ukungu. Kando aliona: kiti, ukuta, mtu anayepita. Ila akikielekezea kitu macho ili akione vizuri, ndipo kinapotoweka. Daktari, aliyemwendea peke yake kwa siri, alimwambia hatapofuka kabisa, lakini pale katikati hapatarudi. Jemadari alishukuru, akarudi nyumbani, akafunga mdomo. Alikuwa na sababu. Binti yake alikuwa mtu wa bima, na kazi yake ilikuwa kwenda kwenye nyumba zilizoungua na kuandika moto ulianzia wapi. Mara nyingi mno ulianzia jikoni. Mwanamke wa namna hiyo ukimwambia huoni vizuri, hata kiberiti hakupi.

Fundi aliburuta futi kamba, akachora, akawa anatangaza kadiri anavyokwenda. Chumba kilikuwa na mita tatu na robo kwa mita mbili, kwa hiyo hapakuwa na cha kuringia. Sinki chini ya dirisha, kwa kuwa bomba limeshafika hapo. Kaunta ya kina cha sentimita sitini. Jiko la gesi kwenye pembe ya mbali, kama binti alivyoagiza, ili pazia la dirisha lisishike moto, na juu yake kabati la kuning'inia. Friji upande wa korido. Mwisho akachora mlango na upinde wa kufunguka kwake, mlango wenye komeo kwa ndani, ambao Jemadari aliutaka kwa mdomo wake. Chaki nyeupe juu ya saruji ya kijivu. Kwa Jemadari ilikuwa saruji tu.

"Haya mama," alisema fundi. "Pika."

Jemadari alivua viatu. Alisema jikoni kwake haingii na viatu, lakini ukweli ni kwamba alitumaini nyayo zitausikia unga wa chaki. Nyayo zilizosimama miaka thelathini mbele ya moto hazisikii hata changarawe, sembuse chaki. Akapiga hatua mbili kuelekea kwenye mwanga wa dirisha, akanyoosha mkono kufungua bomba.

"Mama, umesimama ndani ya sinki," alisema binti.

"Naosha miguu kwanza."

Binti alicheka mpaka akashika ukuta. Jemadari akapata moyo. Akajaza sufuria yake ya hewa, akageuka nayo kwa mikono miwili kama kitu kizito, akatembea kidogo, akaibandika.

"Hapo ni njiani, mama. Jiko liko kule pembeni."

"Nani kakwambia nimeibandika? Nimeitua nipumzike."

Safari hii kicheko kilikuwa kifupi. Binti alifungua mdomo kusema jambo, simu yake ikaita, akatazama namba, akatoka uani kuongea.

Fundi alibaki amechuchumaa, chaki mkononi.

"Mistari huioni, mama."

"Naiona."

"Friji nimeichora wapi?"

Jemadari akafanya kosa la watu wenye kiburi waliobanwa kwenye kona: akajaribu kuonyesha uhodari. Aliuendea ukuta wa dirisha akaupapasa kwa kiganja, juu na chini, polepole, kama mganga.

"Macho siyo kila kitu, fundi. Huu ukuta una unyevu, na wewe mwenye macho yako mawili hujauona. Ukining'iniza kabati hapa litaoza."

"Nimeupiga plasta jana jioni," alisema fundi. "Haijakauka."

Hakucheka, na kwa hilo tu Jemadari alimpenda kidogo.

"Sasa siku hizi unapikaje?" aliuliza fundi.

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Na kuongopa kunachosha, hasa ukiwa peke yako kwenye kazi hiyo.

"Napika kama siku zote. Mafuta yakipata moto yanasema. Kitunguu kikiiva harufu inageuka. Chupa ya chumvi nimeifunga uzi shingoni, ya sukari haina. Kila kitu kina mahali pake na hakitoki." Akasita. "Mara moja niliunguza mkono wa gauni. Nilipitisha mkono juu ya moto, nafuata kikombe kwenye rafu."

Fundi aliitazama kazi yake pale chini kwa muda mrefu.

"Basi nimekuchorea ajali," alisema. "Jiko pembeni, kabati juu yake. Kila siku utapitisha mkono juu ya moto. Wewe unahitaji jiko karibu na sinki, kaunta isiyokatika, na juu ya moto pasiwe na kitu."

"Basi chora hivyo."

"Binti yako ndiye aliyetaka liwe pembeni. Nikilihamisha ataniuliza kwa nini. Mbao naweza kuificha kwa rangi, mama. Mtu siwezi." Alijifuta magoti. "Na wahenga wamesema, mficha maradhi."

"Kifo humuumbua, najua. Kifo kingoje zamu yake, kwanza tumalize kabati."

"Nakuachia uchague. Ukitaka lile la pembeni nitalijenga, maana ndilo nililoagizwa, na nitanyamaza, ingawa roho itaniuma. Ukitaka hili lako, utasema mwenyewe. Mimi simo."

Jemadari alirudi kwenye ndoo yake akaketi. Hesabu haikuwa ngumu, ila haikuwa na jibu zuri. Jiko la pembeni lilikuwa la uhakika, na siku moja lingemuunguza. Jiko la pili lilikuwa lake hasa, na huenda lisijengwe kabisa. Aliogopa, kama alivyoogopa siku ile kwa daktari. Alitamani binti aongee na simu mpaka jioni.

Binti aliongea dakika tano. Alirudi na sauti ya kazini.

"Samahanini. Ghorofa ya pili, vyumba vitatu vyote vimeungua," alisema. "Jiko tena. Haya fundi, tumefikia wapi?"

"Muulize mwenye jiko."

Jemadari aliinuka. Akaweka mikono nyuma, kama alivyozoea kuwapa amri wasaidizi wake kabla ya chakula cha mchana.

"Jiko la gesi lihame," alisema. "Likae kulia kwa sinki, hatua moja, isizidi. Kaunta iende moja kwa moja, isikatike. Vifungo vya gesi viwe mbele. Juu ya moto pasiwe na kabati wala rafu. Ukingo wa mbele uinuliwe kidogo, mkono uukute kabla haujaukuta moto. Droo ya kwanza iwe ya visu, na visilale mahali pengine popote. Na pazia lisiwepo. Dirisha halina haja ya nguo."

"Lakini tulishakubaliana, mama. Lile la pembeni lina ubaya gani?"

Uongo wa kujibu ulikuwepo, tena wa kuchagua: mgongo, kizunguzungu, joto la kwenye pembe. Jemadari alipima mmoja mmoja, akaona kila mmoja ungemrudisha kulekule pembeni.

"Sioni," alisema. "Kando naona, katikati sioni. Hapo uliposimama nayaona mabega yako. Uso siuoni."

Fundi alijishughulisha na kukunja futi kamba iliyokuwa imeshakunjwa.

"Tangu lini?" aliuliza binti.

"Mwaka jana mwanzoni."

"Mwaka jana nilikuja na gauni jipya. Ukaniambia nimependeza."

"Sauti yako ilikuwa ya mtu aliyependeza."

Jemadari alisikia hatua za binti zikiingia ndani, magoti yakigusa sakafu, halafu kitambaa kikisugua saruji. Kilisugua kwa nguvu, kikaacha, kikasugua tena. Chaki ilikuwa inafutwa, na yeye hakujua ni mstari upi. Alijaribu kutazama kwa pembeni ya jicho. Alimwona mwanawe ameinama, basi.

"Unafuta nini?"

Kitambaa kiliendelea.

"Nimekuuliza. Kama ni jiko, futa na chumba chenyewe, nikatafute kingine. Kukaa hapa kulishwa kama ndege wa tunduni sikai."

"Nafuta mlango," alisema binti. "Jiko libaki. Lijengwe kama ulivyosema, neno kwa neno. Ila mlango hapana, mama. Sitalala upande wa pili wa mlango wenye komeo, nasikia moshi, nakuita, hufungui. Nimeshaingia kwenye nyumba kama hizo. Huwa naandika mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani."

"Bila mlango friji inapata nafasi zaidi," alisema fundi, kwa kuwa ilibidi mtu aseme kitu.

Jemadari alikuwa ameshinda. Jiko alilolitaka alilipata, mahali alipolitaka. Ila uwazi ule wa mlango ulitazama korido, na korido ndiyo iliyokuwa njia ya kwenda uani. Mkwe angepita hapo, wageni wangepita hapo, na kila mmoja angemwona anavyopapasa chupa kutafuta uzi. Yeye asingejua ni nani aliyesimama, wala kama kuna aliyesimama. Jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Lakini alijua pia kwamba mwanawe amempa zaidi ya alichoweza kutoa bila kuogopa, na kwamba tangu leo usingizi wake utakuwa wa sikio moja.

"Sawa," alisema. "Mlango usiwepo. Lakini kila atakayesimama hapo asinitazame kimya kama anatazama sinema. Apige hodi."

"Hodi bila mlango?"

"Hodi anapigiwa mtu, hapigiwi mbao. Awe mumeo, awe mgeni, awe wewe. Asiyepiga hodi nitamrushia mwiko, na kwa macho haya sijui utamfikia nani."

Fundi alicheka puani. Alichora upya, jiko karibu na sinki, akamshika Jemadari kiwiko akamweka mbele ya dirisha. "Sinki hili hapa," alimwambia. "Hatua moja kulia." Jemadari akapiga hatua moja kulia, akasimama. Akanyoosha mkono mbele, taratibu, akautafuta ukingo ambao haujajengwa bado.

Nyuma yake hatua za binti zilitoka mpaka kwenye korido, zikakoma. Mtu mzima yule, aliyekuwa akiingia kwenye nyumba za watu na kalamu bila kumwomba mtu ruhusa, alikuwa amesimama kwenye nyumba yake mwenyewe hajui aanzeje.

"Hodi, mama."

Jemadari aligeuza kichwa pembeni kidogo, pale ambapo bado palikuwa pake, mpaka akayapata mabega.

"Karibu," alisema. "Chakula bado hakijaiva."